Maumivu ya Mwenzio

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwezi kuwajua kunguni wake. Methali hii nimeisikia tangu utoto, na kwa miaka mingi nilidhani naielewa. Niliichukua kuwa ni onyo kwa watu ambao hawajapata taabu, wasiwe wepesi kuwasema wenye taabu. Mimi sikujihesabu miongoni mwao, kwa kuwa maumivu nilikuwa nayajua. Ndugu msomaji, nataka kukueleza jinsi kujua kwangu huko kulivyonifanya nimtese mtu niliyempenda.

Nimezaliwa na kukulia Mabatini, hapa mjini Mwanza. Anayepajua mahali hapa anajua kuwa nyumba zetu nyingi zimepanda mlima pamoja na mawe. Nilipokuwa na umri wa miaka 13 nilitumwa maji, nikateleza juu ya jabali, mguu ukavunjika chini ya goti. Baba alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuunga mifupa. Mzee yule aliuvuta mguu mpaka mfupa ukakaa mahali pake, kisha akaufunga kwa vijiti na vitambaa. Sikupewa dawa yoyote ya kutuliza, na wala sikulia. Kwa miaka mingi baba aliwasimulia wageni kwamba mwanawe hakutoa hata chozi. Nikakua nikiamini kuwa maumivu ni mtihani, na kwamba anayenyamaza ndiye aliyefaulu.

Jambo la pili lililonifunza lilitokea nilipokuwa mtu mzima. Kijana mmoja wa jirani, niliyemjua tangu akitambaa, aliingia katika matumizi ya unga. Nilimwona akiuza sufuria za mama yake, kisha mabati ya jiko. Tulimzika akiwa bado kijana. Tangu hapo nikaiogopa kila dawa yenye sifa ya kulevya.

Basi mambo hayo mawili ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mwaka 2013, dada yangu mkubwa alipougua saratani ya shingo ya kizazi. Ugonjwa ulipogunduliwa ulikuwa umekwisha kuenea. Akaja kukaa kwangu. Hospitali ilitupa chupa ya mofini ya maji, na maelekezo kwamba anywe kila baada ya saa nne.

Nilikubali mbele ya daktari. Nyumbani mambo yakawa mengine. Chupa niliitunza mimi, na nilimpa dada nusu ya kipimo, tena pale tu alipozidiwa. Aliponiambia, "Mdogo wangu, inauma," nilimjibu, "Vumilia kidogo, dada, bado mapema." Nilijiona namwokoa. Kila nilipomwona ameuma shuka na kunyamaza, nilisema moyoni kwamba huyu kweli ni damu yetu. Hali hiyo iliendelea kwa siku 11.

Siku ya 12 alikuja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani. Aliinyanyua chupa, akaona bado ina dawa nyingi. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mzee wangu, unaogopa nini?" Nikamwambia naogopa dada asije akawa teja, na tena nimesikia kwamba anayeanzishiwa dawa hii huwa hamalizi mwezi. Akaniuliza, "Na dada yako anaogopa nini? Umemwuliza?" Sikuwa nimemwuliza.

Ndipo aliponieleza. Mofini hutokana na afyuni, na unga wa mitaani asili yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo hofu yangu haikutoka hewani. Lakini mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo na kwa saa zake, ni nadra kuwa teja. Mwili waweza kuizoea, na hapo daktari huongeza au hupunguza polepole, ila kuzoea huko ni kitu kingine na uteja ni kitu kingine. Ikitolewa ipasavyo haimharakishi mtu kwenda kaburini. Siku za mwanzo humsinzisha, na hufunga choo, ndiyo maana hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Na sababu ya kufuata saa ni kwamba maumivu yakiachwa yapande, kuyashusha ni kazi kubwa zaidi, kama moto uliokwisha kushika paa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hayo hayakuwa mambo mapya. Shirika la Afya Duniani liliyatoa katika mwongozo wake mwaka 1986, na ng'ambo ya ziwa letu hili, kule Uganda, wagonjwa walikuwa wakipewa mofini ya maji majumbani mwao tangu mwaka 1993. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandikia wagonjwa.

Usiku ule dada alilala. Siku ya tatu aliomba uji, akauliza habari za wadeni wake wa dagaa. Alikaa nasi wiki saba zaidi, akawaona watoto wake wote. Jioni moja nikapata ujasiri wa kumweleza jinsi nilivyokuwa nikimpunja dawa. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Nilijua. Nilidhani ni ghali, ndiyo maana unaibana. Nikawa najikaza nisikutie gharama."

Maneno hayo sijayasahau. Ukimya nilioutukuza kama ushujaa ulikuwa huruma yake kwangu. Alikuwa akiteseka mwili, na juu ya mateso hayo akabeba na wasiwasi wa mfuko wangu. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, na aliyefungua mwaka 1967 huko London nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayawi ya mwili peke yake. Yamo pia ya mawazo, ya jamaa na ya roho. Ule wasiwasi wa dada usingetulizwa na mofini. Ungetulizwa na swali moja, nami sikuliuliza.

Pengine utasema kwamba kosa langu lilikuwa ujinga, na kwamba elimu iliutibu. Ni kweli kwa kiasi. Lakini yule kijana jirani hakuwa ndoto. Huko Marekani dawa za jamii hii zilianza kutolewa ovyo miaka ya mwisho ya 1990, na watu wengi mno wamekufa. Tahadhari ina mahali pake. Kosa langu lilikuwa kuuchukua msiba wa jirani na kuuweka juu ya kitanda cha dada, ambako haukuhusika.

Na kuhusu methali, sasa nadhani wahenga walisema zaidi ya nilivyowaelewa. Mimi nilikuwa nimelala kitanda changu, nikang'atwa na kunguni wangu, nikadhani nawajua kunguni wa vitanda vyote. Asiyepata kuumia walau anajua kwamba hajui, naye huuliza. Aliyeumia na akapona yuko katika hatari ya kujifanya kipimo. Mguu wangu ulivutwa kwa dakika chache, na nilijua utapona. Dada hakuwa na ahadi ya namna hiyo.

Siku hizi nikienda kumwona mgonjwa sisimulii tena habari ya mguu wangu. Namwuliza inauma wapi na kiasi gani, na jibu atakalonipa nalipokea kama alivyolisema.