Sakafu ni ya Anayeipiga Deki

Siku hizi sakafu ni kijivu. Aliyeamua hivyo simjui, lakini pita maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Tegeta hadi Mbagala utaona boksi za tailizi zimepangwa mpaka barazani: sitini kwa sitini, za kijivu na nyeupe zenye mishipa ya kuiga marumaru ya kweli, zinang'aa hadi unajiona uso. Zile za thelathini kwa thelathini, za kahawia na za rangi ya chai ya maziwa, zimegeuka aibu ya nyumba. Kuna wenyeji wanaomwomba mgeni radhi kwa ajili ya sakafu kabla hawajamkaribisha kiti.

Shangazi yangu wa Tanga naye yamemfika. Alinipigia simu, salamu zikapita haraka kuliko kawaida yake. "Mwanangu, hivi hizi tailizi zinapakwa rangi? Nimechoka nazo."

Nikamuuliza fundi mmoja ninayemwamini. Akacheka kidogo, kisha akaeleza. Rangi ya tailizi haikupakwa kama ya ukuta. Udongo hukandamizwa, ukapakwa uji wenye madini, ukaingizwa kwenye tanuri la joto linalozidi nyuzi 1,000. Uji ule huyeyuka ukawa kioo, na rangi hubaki humo humo. Ukitaka kujua ilivyo sugu, nenda Kunduchi kwenye makaburi ya kale yenye nguzo, ambako wazee walipachika mabakuli ya Kichina. Upepo wa chumvi umeyapiga kwa karne nzima na zaidi, na vipande vilivyosalia bado vina rangi yake.

Kwa hiyo chochote utakachopaka leo kitakaa juu ya kioo, na kioo hakishiki kitu kwa hiari. Lazima kwanza utoe mafuta yote, upige msasa mpaka mng'ao ufe, ufute vumbi, upake praima, ndipo uje na rangi ya epoksi, ile ya makopo mawili ambayo ukishaichanganya ukazubaa inagandia ndooni. Baada ya hapo watu wasikanyage mpaka kesho yake, na makochi yasubiri wiki hivi. Sasa nenda kaiambie nyumba ya Tanga, yenye wajukuu na mlango usiofungwa mchana kutwa, kwamba sebule haikanyagwi! Na ukifaulu yote hayo, mguu wa kiti ukiburutwa utachora mstari wa rangi ile ile uliyoikimbia. Ukutani jikoni rangi hii hudumu vizuri. Bafuni, maji yanakotuama sakafuni, hubanduka magamba.

Kubandika mpya juu ya za zamani kunawezekana, ila sakafu itapanda na milango yote itakatwa chini. Kubomoa ni tindo, vumbi na pesa.

Fundi akaongeza jambo ambalo nadhani ndilo la maana kuliko yote aliyosema: mara nyingi kilichochakaa ni viungo, tailizi yenyewe haina neno. Saruji nyeupe inayojazwa katikati ina vinyweleo, inakunywa maji machafu ya deki mwaka hadi mwaka mpaka inakuwa nyeusi, na jicho linahukumu sakafu nzima. Kuvikwangua viungo na kuvijaza upya ni kazi ya gharama ndogo. (Asidi ya chooni, ambayo wengi wetu tunaimwaga kwa imani kubwa, hula saruji hiyo hiyo na kuacha mifereji.)

Nilipokwenda Tanga nilipiga magoti kuvitazama viungo vya shangazi. Vilikuwa vyeusi kweli. Lakini niliona kitu nilichokuwa nimekikanyaga tangu utotoni bila kukiona: mstari unaokata sebule. Upande wa mlangoni tailizi zina rangi ya chai. Upande wa dirishani zimekolea kidogo, kama chai iliyosahaulika jikoni. Maua ni yale yale, kiwanda kile kile. Kila mpikio wa tanuri hutoka na ukolevu wake, ndiyo maana boksi huandikwa namba, na fundi husisitiza ununue zote kwa mkupuo.

Ni ushauri mzuri kwa mwenye pesa za mkupuo. Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alijenga kwa upatu. Zamu ya kwanza ilifika katikati ya sebule. Ya pili ilipokuja, mzigo ule dukani ulikuwa umekwisha kitambo.

Nikasimama nikamhutubia. Nikamwambia asiguse kitu, mstari ule ni historia yake, tubadilishe viungo tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua dekio lililoegemezwa mlangoni, akanipa.

"Historia nzuri, mwanangu. Basi ipige deki."

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo. Sisi tuliohama ndio wapenzi wakubwa wa vitu vya zamani vya nyumbani. Tunataka kinu kibaki, kibao cha mbuzi kibaki, mlango wa mninga usipakwe mafuta ya kisasa. Tunapiga picha Idd ya pili na jioni tunapanda basi kurudi kwenye majiko yetu ya gesi na sakafu zetu za kijivu. Kumbukumbu tunaiachia mtu mwingine aitunze, kwa kiuno chake, halafu tunashangaa akisema amechoka. Kwangu mstari ule ni ushahidi wa ujasiri. Kwake ni pesa zilizokatika katikati, na ameziangalia kila asubuhi tangu hapo.

Viungo vya sebule vimejazwa upya, sasa vinapendeza, amekubali hilo bila kinyongo. Ila ameshaingia upatu mwingine, na fundi ameagizwa: safari hii boksi zote zinunuliwe siku moja, namba moja, rangi ya kijivu.