Mzigo wa Jack Trice

Je, msomaji, ni haki mtu mmoja kubebeshwa heshima ya watu wake wote? Pengine utajibu upesi kwamba ni haki, kwani sote tumelelewa tukiambiwa kuwa mtoto mwema hulinda jina la ukoo. Hebu basi tulipime jibu hilo kwa maisha ya kijana mmoja wa Marekani.

Jack Trice alizaliwa mwaka 1902 huko Hiram, katika jimbo la Ohio. Mwaka 1922 aliingia Chuo cha Iowa State, mjini Ames, akasomea ufugaji wa wanyama, kwa nia ya kwenda Kusini kuwasaidia wakulima weusi wenziwe. Alikuwa pia hodari wa futiboli ya Kimarekani, mchezo ulio karibu na raga kuliko kandanda yetu, maana wachezaji huubeba mpira mikononi, wakakumbana na kuangushana. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyekuwa amekichezea chuo hicho.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, akiwa katika hoteli mjini Minneapolis, alijiandikia barua fupi. Alisema kwamba kesho yake heshima ya watu wake, ya jamaa zake, na yake mwenyewe ingekuwa hatarini. Mchezo dhidi ya Chuo Kikuu cha Minnesota ulipoanza, alivunjika mtulinga mapema, wala hakutoka uwanjani. Katika robo ya tatu aliangushwa akakanyagwa. Alivuja damu ndani ya mwili, na tarehe 8 akafariki. Kama alikanyagwa kusudi au la, watu wanabishana hata leo.

Wamsifuo kwa ushujaa hawakosei. Lakini sifa ina ujanja wake: humtazama aliyebeba mzigo, ikamsahau aliyeutwika. Mchezaji mweupe akishindwa siku ile, angeambiwa amecheza vibaya, yakaisha. Nani angenena kwamba watu weupe hawauwezi mchezo? Trice hakupewa uhuru huo mdogo wa kukosea kwa jina lake peke yake. Mtu wa namna hiyo, akivunjika mfupa, ana hiari gani ya kwenda kuketi kando?

Labda wewe umechangiwa karo na kijiji kizima, nawe unaogopa kukiaibisha. Huo nao ni mzigo, tena mzito. Ila waliokutwika ndio waliokulisha, na ukianguka watakuinua. Waliokuwa wakingoja kosa la Trice hawakuwa wamempa kitu. Mizigo hii miwili tusiiite kwa jina moja.

Maelfu walihudhuria mazishi yake chuoni, na barua ile, iliyokutwa katika mfuko wa koti lake, ikasomwa mbele yao. Baadaye jina lake lilififia kwa miaka mingi, hata wanafunzi wa miaka ya 1970 walipolidai. Mwaka 1984 sehemu ya kuchezea ilipewa jina hilo, na mwaka 1997 uwanja mzima.

Husomwa zaidi ile sehemu ya barua inenayo juu ya heshima. Mimi huvutwa na maneno ya mwisho, ambamo Trice anajikumbusha tu namna ya kuwakabili wapinzani na kuwa macho na mbinu zao. Hapo hambebi mtu yeyote. Ni kijana anayeupenda mchezo wake, akijiandaa kwa kesho.