MWENYE DENI NDIYE ASEME

Bismillahi Rahmani Rahim.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, Al-Baqara 282, inahusu deni na kuliandika. Humo imeamriwa kwamba mwenye kudaiwa ndiye amtajie mwandishi kiasi, wala asipunguze kitu.

Sasa wewe mwenye magazini, miaka miwili hujapeleka deklarasyo yako ya kodi kwenye biro ya DGI. Unanyamaza kwa kuogopa. Lakini ukinyamaza, sheria ya tarehe 13 Machi 2003 inawaruhusu wakukadirie wao wenyewe, na adhabu ya kuchelewa juu yake. Umemwachia aseme mtu asiyelijua duka lako.

Mtaniambia: "Imamu, pesa hizo zinaliwa." Wanaozila wana hesabu yao mbele ya Mungu. Yako ni hii: fungua buku, andika ulichopata kweli, hata kama ilikuwa hasara. Ukisahau, muulize mama watoto; wengi wao wanakumbuka hesabu kuliko sisi. Peleka, na kopi yako wakupigie muhuri. Kodi ilipwe banki, si mkononi mwa mtu. Huna za kulipa zote? Karatasi itangulie, Jumatatu hii.

Wabillahi tawfiq.