Kocha Anayeuliza Umekula Nini



Leo namfikiria kocha. Si yule wa televisheni mwenye suti. Yule wa mtaani, filimbi shingoni, mipira miwili, vijana wengi. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianza 1987, na timu zake zikaanza kupata pointi za ligi kwa kuzoa taka. Hebu fikiria: mmefungwa Jumamosi, mnazibua mtaro, na bado mnapanda kwenye jedwali! Waliofunza wadogo wao walijipatia pointi za kusaidiwa karo. Humo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya 2008.

Wapo makocha wanaoamini matusi ndiyo mazoezi. Mimi sikubali; kijana aliyetukanwa mbele ya wenzake huanza kuuogopa mpira wenyewe, anaupiga haraka ili umwondokee.

Lakini yupo kocha mwingine, hukuita kando kabla ya mazoezi: “Jana ulikula nini?” Ukisema chai, hakukimbizi raundi kumi. Anakupa jezi, anakuambia ukae karibu naye, umhesabie pasi.