Mawe ya Mtoto

Huko Nanganga, kando ya barabara iendayo Masasi, tulimkuta mtoto akichora samaki na nyota juu ya mawe madogo, kwa mkaa na udongo mwekundu. Baba yake alimwamuru ayatupe, kwa kuwa hayaliwi wala hayauzwi. Twamwelewa mzee huyo. Msimu wa korosho haumngoji mtu. Lakini je, kila kazi isiyoleta senti ni uvivu?

Katika majabali ya Kolo, wilayani Kondoa, wawindaji wa kale walichora wanyama na watu kwa rangi nyekundu ya udongo. Nao walikuwa na njaa ya kila siku. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia. Baadhi ya wageni wameimwagia maji ili ing'ae katika picha. Hao ndio twawakemea. Mtoto wa Nanganga hakuharibu kazi ya mtu.

Mwenyezi Mungu mwenyewe alilipamba ua la porini, ambalo halina mnunuzi. Ewe baba, kabla hujayatupa mawe hayo, keti kidogo, umwulize mwanao yule samaki alimwona wapi.