Siku Kumi za Danieli

Danieli hakubishana na mkuu wa matowashi aliyemwogopa mfalme (Danieli 1:8–16). Alimwomba msimamizi wao wajaribiwe siku kumi: yeye na wenzake watatu wapewe mazao ya shamba na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana waliokula chakula cha mfalme. Uamuzi akamwachia msimamizi.

Ndivyo sayansi inavyopima dhana: muda huwekwa mapema, kundi la kulinganisha huwapo, na jibu laweza kuwa "hapana". Je, sisi? Dawa ikisifiwa kanisani, twahesabu shuhuda za waliopona. Waliozikwa hawasimami kushuhudia. Ampendaye jirani huuliza habari za wote. Imani ya kweli haiogopi swali hilo, kwa maana Mungu hatetewi kwa hesabu ya nusu.