Je, Kioo cha Kamera Husema Uongo?

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuingia mitaa ya kando hapa Uvira, mzee mmoja wa jumuiya yetu alipiga picha ya nyumba yake kwa simu ya mwanawe, akaipeleka kwa wagawa misaada. Wakamjibu: "Maji yako mbali, mzee. Ngoja kwanza." Tukaenda kupima. Toka mlangoni hata majini, hatua saba! Lakini katika picha uwanja ule ulikuwa kama kiwanja cha mpira, na milima ya Burundi, ng'ambo, imekuwa vichuguu.

Mzee alikuwa ametumia kioo kipana cha simu, ili nyumba na ziwa viingie pamoja. Je, alisema uongo? Au kioo ndicho kilichosema?

Chukua ganda la chungwa, ulikandamize mezani: ama litapasuka, ama litavutika. Ndivyo ulivyo mtazamo mpana, maana yanayotuzunguka ni kama mviringo, bali picha ni bapa. Fundi akitaka kuta zibaki zimenyoka, watu wa pembeni huvutwa, vichwa vikawa maboga (akina mama wa kwaya wanaijua habari hiyo, tena hawakubali kusimama mwisho wa mstari). Akitaka vichwa vibaki na umbo lake, kuta hupinda. Yote mawili pamoja hayapatikani. Si uvivu wa fundi, ni hesabu yenyewe.

Vioo vya desturi vina umbo sawa pande zote, kama bakuli la mfinyanzi. Lakini wako mafundi wanaotengeneza vioo vya umbo huria, hapa vimeinuka, pale vimebonyea. Kamera ya Polaroid SX-70 ya mwaka 1972 ilikuwa na vioo vya namna hiyo katika tundu la kuchungulia. Mwaka 2020 Huawei wakatia kimoja katika simu ya Mate 40 Pro+. Kwa kioo hicho kuvutika kwa pembeni hupungua, wala hakuishi. Fundi amepata tu uhuru zaidi wa kuamua kasoro ikae wapi. Kumbe ndani ya kioo mna uamuzi wa mtu.

Seminarini tulifundishwa kwamba uongo ni kusema kinyume cha lililo moyoni, kwa nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho mzee hana kosa, wala fundi. Kosa sisi tunaliona kwa yule aliyeketi ofisini akaitazama picha, akahukumu, asiulize ilipigwaje. Mtasema alikuwa na picha nyingi mezani. Twakubali. Hata hivyo zilikuwa hatua saba.

Tukapiga nyingine kwa kioo cha kawaida, mjukuu wake amesimama ukingoni mwa maji, tukaichapa kwenye karatasi na kuandika nyuma yake idadi ya hatua. Siku mzee alipoipeleka, maji yalikuwa yamefika kizingitini.